Ndewe Ikichanika, Usikimbilie Gundi

Leo naomba nivue kilemba mbele yenu. Miaka 8 nilikuwa nakifunga, jua liwake mvua inyeshe, watu wakanisifu eti mama mstaarabu. Wapi! Nilikuwa naficha sikio.

Kitinda mimba wangu alikuwa na miezi 7. Nimempakata kwenye daladala, hereni zangu kubwa zinaning'inia, mara akaidaka moja. Alivuta mara moja tu. Ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, ikagawanyika kama mkia wa samaki. Nikafunga kitambaa, nikanyamaza. Kidonda kikapona, mkia ukabaki.

Basi bwana, harusi ya mdogo wangu ikakaribia. Shoga yangu akaniambia, "Paka supaglu, kesho unavaa hereni." Nikapaka! Siku ya tatu sikio limevimba, linatoa usaha, harusini nikaenda na kilemba changu kama kawaida. Kutafuta uzuri nikapata ugonjwa.

Hospitali daktari alicheka kidogo, kisha akanielewesha. "Mama, kingo hizi zimeshaota ngozi. Ngozi kwa ngozi haziungani, hata uzibane mwaka mzima." Akanipa dawa kwanza, maana sikio lenye usaha halishonwi.

Lilipopona akanieleza njia zilizopo. Kama tundu limerefuka tu bila kukatika, ngozi ya ndani ya tundu hukatwa na pakashonwa. Kama limekatika kabisa kama langu, kila ukingo hukatwa kidogo pawe kidonda kipya, ndipo vipande viunganishwe. Wengine hushonwa mstari ulionyooka, wengine mstari wa kupindapinda mfano wa herufi Z, ili kovu likijikunja lisiache kibonyeo chini ya ndewe. Hata ndewe zilizotanuliwa kimila, kama za ndugu zetu Wamaasai, hurudishwa: nyama ya ziada hupunguzwa, iliyobaki huungwa.

Sikio la juu ndiyo kazi, kwa sababu mle mna gegedu. Mnamkumbuka Evander Holyfield, aliyeng'atwa na Mike Tyson ulingoni Las Vegas mwaka 1997? Kipande cha juu kilitoka. Pale ndewe tu haisaidii kitu, inabidi fundi wa upasuaji aumbe upya.

Halafu likaja swali lililoninyima usingizi. "Kwenu kuna mtu ambaye kovu lake huvimba?" Yupo. Dada yangu alitoga sikio, likaota keloidi kubwa kama kunazi. Sisi watu weusi tunayapata sana hayo, na sikio ni mahali pake. Tena keloidi ukiikata tu bila sindano za kuizuia, mara nyingi hurudi, pengine kubwa zaidi. Daktari akatazama kovu langu la chanjo begani: limelala. Akasema hiyo ni dalili njema, lakini hawezi kuniahidi.

Nilikaa mwezi mzima nawaza. Kilemba au kisu? Nikachagua kisu.

Sindano ya ganzi ndiyo iliyouma, mengine nilisikia anavuta tu. Hata saa haikuisha. Baada ya wiki moja nyuzi zikatolewa. Tundu jipya nimeambiwa nisubiri miezi 3, na litobolewe pembeni, si juu ya kovu, maana kovu halina nguvu kama ngozi yenyewe.

Sasa nyie wenzangu. Sikio likichanika leo, nenda leo. Kidonda kibichi hushonwa kwa urahisi kuliko mkia wa miaka 8. Ukiwa umeng'atwa na mtu, usichelewe hata kidogo, mdomo una uchafu mwingi, na uulizie sindano ya pepopunda. Kipande kikitoka, kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki, mfuko huo ndio uwekwe kwenye barafu, si kipande chenyewe. Na wanaonyonyesha, hereni zikae kabatini.

Mimi kila asubuhi nalipapasa kovu langu, maana keloidi huweza kuchelewa miezi. Hadi leo limelala. Kilemba nimempa dada, naye nimemshika mkono, Jumatatu tunakwenda wote kwa daktari kuulizia zile sindano.