Mastaa wa gitaa, mvumo hautibiwi kwa pedali mpya. Rudisheni ethi kwanza!

Wadau wa muziki wa laivu, leo hakuna umbea wa nani kamuacha nani. Leo tunaongelea ule mlio. Mnaujua vizuri tu. Bendi imemaliza wimbo, mwimbaji anafuta jasho, ukumbi umetulia kidogo, halafu kwenye spika inasikika "mmmmmmmm" kama friji la zamani la bucha. Tumeuzoea mpaka tunadhani umo kwenye kiingilio.

Na wapiga gitaa wetu, hasa hawa wenye majina ambao sitawataja maana wanajijua, dawa yao ni moja: pedali nyingine. Gitaa likivuma, inanunuliwa pedali ya kukata kelele. Likivuma tena, inatafutwa ya bei mbaya zaidi, inapigwa picha, inapandishwa Insta, "mzigo mpya umetua", mashabiki wanamwaga vimoto. Jumamosi inayofuata mvumo uko palepale, ila sasa unapita kwenye pedali nane badala ya saba.

Ingekuwa ni kupoteza hela tu ningenyamaza, hela ni zao. Kilichonifanya niandike ni dawa ya pili, ile inayofanywa kimyakimya saa kumi na moja jioni kabla watu hawajaingia. Fundi mitambo anafungua plagi ya amplifaya, anachomoa ule waya wa kijani na njano, anafunga tena. Mvumo unakata. Bosi wa ukumbi anampa mkono, solo anampa soda, "fundi wewe noma". Jamani! Hapo hakuna kilichotibiwa. Hapo umetegwa mtego, na anayesubiriwa kuunasa ni yuleyule solo.

Na kuna ukumbi mmoja hapahapa katikati ya jiji, wenye jina na foleni ya magari wikiendi, hata hawajahangaika kufungua plagi. Amplifaya ilikuja na plagi ya pini mbili, soketi ya ukutani ni ya matundu matatu, basi wakachokonoa tundu la juu kwa kalamu ya bic, pini mbili zikaingia, shughuli ikaendelea. Mmeshaiona hiyo. Nyumbani kwenu ipo. Tofauti ni kwamba kwenye chaja ya simu umeshika plastiki, ila kwenye gitaa umeshika nyuzi za chuma.

Twende taratibu, maana wengi wanabishana bila kujua mvumo unatoka wapi.

Umeme wetu wa TANESCO ni volti 230, na unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Chini ya nyuzi za gitaa kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, mafundi wanaiita pikapu (siyo ile ya kubebea matofali). Kazi yake ni kunasa mtikisiko wa nyuzi, lakini haichagui, inanasa na umeme unaopita karibu: transfoma ya amplifaya, taa za rangi, chaja, waya uliokunjwa nyuma ya jukwaa. Ndiyo maana mvumo una noti yake. Huo wa 50 na pacha wake wa 100 unaangukia juu kidogo ya noti ya G. Bendi ikipiga wimbo wa ufunguo wa G unahisi kuna mtu anaimba nyuma akiwa nje ya tyuni. Huyo mtu ni soketi.

Wazungu walishahangaika na hili zamani. Mwaka 1955 fundi wa Gibson huko Marekani, Seth Lover, aliombea hataza pikapu yenye koili mbili zilizopangwa ili mvumo wa moja uufute wa nyingine. Ndiyo hiyo hambaka mnayoisikia. Gitaa lako likiwa na pikapu ya koili moja, kuvuma kidogo karibu na transfoma ni tabia yake: geuka nyuzi tisini, sogea hatua mbili, utasikia mvumo unapungua. Lakini hambaka haiwezi kukusaidia kama ukumbi hauna ethi, wala kama adapta yako ni kimeo.

Sasa kwa nini kuchomoa waya wa ethi kunakata mvumo? Kwa sababu amplifaya yako iko kwenye soketi ya huku na mikisa iko kwenye soketi ya kule, zote zina ethi, halafu mmeziunganisha tena kwa waya wa sauti. Hapo umetengeneza duara, na umeme mdogo unazunguka ndani yake kama daladala isiyo na kituo. Ukikata ethi upande mmoja duara linavunjika na kelele inaisha. Kwa masikio, fundi yuko sahihi.

Kwa roho yako, hapana. Waya wa gitaa una njia mbili. Moja inabeba sauti. Ya pili imeungana na nyuzi unazozishika, ikapita kwenye bodi ya chuma ya amplifaya, ikaenda mpaka ethi ya ukutani. Siku waya wa moto ndani ya amplifaya ukilegea na kugusa bodi, ethi inaumeza umeme, breka inaruka, mnalaani TANESCO, maisha yanaendelea. Kama ethi ulishaichomoa, nyuzi zako sasa zina volti 230 na breka imelala. Unaweza hata usijue, umevaa raba, umesimama kwenye zulia kavu. Halafu kwenye kiitikio unasogeza mdomo kwenye maiki, na maiki imeungwa na mikisa ambayo yenyewe ethi inayo. Maji hufuata mkondo, na mkondo hapo ni mkono, kifua, mdomo.

Hili si la kutishia watoto. Mwaka 1972, Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea, Uingereza, baada ya kugusa maiki iliyokosa ethi. Alikuwa na miaka 27. Mwaka 1976, Keith Relf aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds alikufa nyumbani kwake akipiga gitaa la umeme lisilo na ethi ya maana. Watu wenye majina, vifaa na hela. Ethi haiangalii wafuasi wako Insta.

Najua mtakavyokuja, tuanze kujibizana mapema.

"Tatizo ni vitu feki vya Kariakoo." Kariakoo isisingiziwe. Kariakoo kuna adapta inayokaribia kuwa bure na kuna adapta ya maana, kuna waya wenye nyuzi tatu za shaba na kuna wenye unywele wa aluminiamu. Na fimbo ya shaba ya kupigilia ardhini inauzwa hapohapo kwenye maduka ya umeme, haifikii bei ya pedali yoyote mliyoipiga picha. Umeenda ukaomba cha bei rahisi, umepewa cha bei rahisi. Msimbazi yote ina kosa gani?

"TANESCO ndio wabovu." Umeme wao una siku zake, sawa. Lakini wao wanaishia kwenye mita. Kuanzia pale kuingia ndani ni jengo lako, soketi zako na ethi yako, bosi. Na umeme ukikatika mnawasha jenereta lililokaa kwenye matofali nyuma ya jiko. Hilo nalo ethi yake iko wapi?

"Mbona miaka yote tunapiga hivi na hatujafa." Bodaboda asiyevaa helmeti naye anasema hivyohivyo, mpaka siku ya siku.

"Wivu tu." Haya.

Sasa kazi. Ya kwanza ni ethi, na kabla haijawa sawa msijaribu kitu kingine. Bosi aite fundi mwenye leseni ya EWURA, siyo mpwa wake, apime ethi ya ukumbi, abadilishe soketi zilizochokonolewa, aweke ile breka inayoruka umeme ukivuja hata miliampea 30. Gitaa, pedali na mikisa vyote vile umeme sehemu moja, kwenye ekstensheni nzito ya pini tatu. Duara mara nyingi linakufa hapohapo. Likibaki, tumieni kisanduku cha DI chenye swichi ya kuachanisha ethi. Swichi ile inakata kwenye waya wa sauti tu, plagi ya ukutani inabaki na pini zake tatu.

Ya pili ni adapta. Wengi mnalisha pedali zote kwa adapta moja ya volti 9 yenye mkia wa kugawa. Ukichanganya dilei ya kidijitali na disto ya kizamani kwenye mkia huo utasikia "wiiiii" nyembamba. Jaribu hivi: chomoa adapta, weka betri ya volti 9 kwenye pedali moja tu, sikiliza. Kelele ikiisha, mwizi umemkamata. Nunua kisanduku cha umeme ambacho kila tundu limejitenga na jingine. Hicho kimoja kina faida kuliko pedali tatu.

Ya tatu ni kutafuta kwa kuondoa. Punguza voliumu ya gitaa mpaka sifuri. Kelele ikibaki vilevile, iko mbele, kwenye pedali au amplifaya. Ikipotea, iko kwenye gitaa au kwenye kile gitaa linachonasa. Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya, kisha rudisha pedali mojamoja. Waya wa sauti usilale sambamba na wa umeme, ikibidi upite juu yake kama njia panda. Na simu zenu mziondoe juu ya amplifaya, ule mlio wa "tititi-tititi" ni wewe na meseji zako.

Pedali ya kukata kelele ije mwisho kabisa. Ile inafunga mlango ukinyamaza tu. Ukianza kupiga, mlango unafunguka na mvumo unaingia na wewe. Na ukiikaza sana inakula mkia wa noti.

Hapo kwenye mkia wa noti ndipo roho inaponiuma. Dansi letu halijafichwa nyuma ya disto. Tangu enzi za NUTA Jazz, iliyoanza 1964 na leo tunaiita Msondo, mpaka Sikinde ya 1978, utamu uko kwenye magitaa safi yanayopishana: solo anaongea, ridhim anajibu, besi anatembea katikati, na kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi. Sikiliza zile rekodi za Radio Tanzania, nafasi ile inasikika. Ukiijaza "mmmmmmm", unabaki na magitaa matatu yanayogombania chumba kimoja. Halafu tunauliza kwa nini vijana wanaona laivu ni kelele.

Kwa hiyo mastaa, kabla ya kuweka saini ya shoo, ulizeni ethi kama mnavyouliza advansi. Fundi mitambo akikuambia "nimeichomoa, sasa imetulia", usipande. Mabosi, mmeweka taa za maelfu ya rangi na VIP yenye makochi meupe, mnashindwa fimbo moja ya shaba? Na sisi mashabiki tuache kumwaga vimoto kwenye picha za pedali. Mkiona picha ya jukwaa, vuteni karibu, angalieni plagi ukutani. Pini mbili na kofia ya kalamu pembeni? Semeni hapohapo kwenye posti yake.

Wapiga gitaa na mafundi mitambo, uwanja wenu huo hapo chini. Ukumbi unaopiga una ethi au hauna? Majina ya kumbi msitaje, ila ukweli msiufiche.