UCHUMI WA NYUMBANI: Deni la Kadi Biashara Inapogeuka Kampuni

Kando ya Ziwa Mweru, katika wilaya ya Chienge kaskazini mwa Zambia, jamaa nyingi huishi kwa chisense, wale dagaa wadogo waanikwao juani na kupelekwa kwa magunia hadi miji ya shaba ya Copperbelt. Aghalabu biashara hiyo huanzishwa na mtu mmoja. Ijapokuwa jina lake la biashara limeandikishwa PACRA, ofisi ya serikali ya usajili wa makampuni, sheria haimtenganishi mtu huyo na biashara yake: mali ni yake na madeni ni yake.

Na achukuliwe kwa mfano mke wa askari polisi aliyepangiwa huko. Ana kadi ya mkopo ya benki, nayo humwezesha kununua magunia na kukodi lori la kwenda Kitwe. Biashara imestawi, naye ameandikisha kampuni chini ya Sheria ya Makampuni Namba 10 ya mwaka 2017. Siku hiyo kadi inadaiwa kwacha 24,000. Je, mdaiwa sasa ni nani?

Mdaiwa ni mama yule yule. Kampuni haikuwapo alipotia sahihi, na benki haikuikopesha.

Wengi huamini kuwa kampuni ni ngao, na imani hiyo ina asili yake. Mwaka 1892 mjini London, Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu, aliiuza biashara yake kwa kampuni ambayo wenye hisa walikuwa yeye, mkewe na watoto wao watano. Kampuni ilifilisika, na mfilisi akataka Salomon alipe kwa mali yake. Mwishoni mwa 1896 Baraza la Malodi liliamua kwamba kampuni ni mtu mwingine kisheria, na msingi huo hufuatwa hadi leo Zambia, Tanzania na Kenya. Lakini wanaoitaja kesi ile husahau jambo moja: madeni ya biashara ya zamani yalikuwa yamekwisha kulipwa yote wakati wa kuhamisha biashara. Waliopata hasara ni walioikopesha kampuni baadaye.

Basi iliyo bora ni kulimaliza deni la kadi kabla ya kuhama. Isipowezekana, kampuni yaweza kulichukua, ila kwa mkataba wa maandishi ambao benki imeukubali na kumwachilia mdaiwa wa kwanza. Makubaliano baina ya mama na kampuni yake peke yao hayaifungi benki hata kidogo. Kampuni ikimlipia bila mkataba huo, malipo hayana budi kuandikwa vitabuni kuwa sehemu ya bei ya mizani, mitumbwi na magunia aliyoiuzia, au mkopo kwake. Kuhamisha mali yote na kuacha madeni nyuma ni hila. Mahakama yaweza kuyatengua mauzo ya namna hiyo.

Kadi ya zamani isinunue tena kitu cha kampuni. Kadi mpya ikiombwa kwa jina la kampuni, benki kwa kawaida itataka mkurugenzi awe mdhamini, na huenda ikamtaka na mume mwenye mshahara wa kila mwezi. Hapo ndipo ngao inapotoboka. Askari asitie sahihi kwa kumridhisha mwenzake tu. Aulize udhamini una kikomo cha kiasi gani, na kama unagusa deni la zamani.

Kisha kuna majira. Kila mwaka uvuvi wa Mweru hufungwa tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, bali riba haifungwi. Tuseme riba ni asilimia 3 kwa mwezi: deni la kwacha 24,000 litazaa kwacha 2,160 katika miezi hiyo mitatu, hata bila riba juu ya riba. Mazungumzo na benki yafaa kufanywa Oktoba au Novemba, magunia yakiwa bado yanauzwa na vitabu vikiwa na la kuonyesha.