Mazungumzo ya Bwana Shamba: Chuma Ndani ya Jicho



Mwezi huu siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Naandika juu ya jicho, kwa sababu nilikosea.

Mwaka jana mkulima mmoja wa kata yetu alikuwa ananyoosha jembe lake. Aliligonga kwa nyundo juu ya chuma kingine. Kitu kidogo kikamrukia jichoni. Alikuja kwangu akasema, "Bwana Shamba, jicho linaniwasha kidogo." Nikatazama. Sikuona damu. Nikamwambia, "Nawa maji safi, urudi kazini."

Baada ya wiki tatu jicho lile likaona ukungu. Zahanati ilimpeleka hospitali ya wilaya, na wilaya ikampeleka hospitali ya rufaa. Huko alipigwa picha kwa mashine iitwayo siti skani. Picha ikaonyesha kipande cha chuma ndani ya jicho, kidogo kama punje ya ulezi. Daktari alikitoa. Lakini leo jicho lile linaona mwanga tu.

Chuma kinachoruka kwa kasi hupenya kama sindano. Tundu lake ni dogo, hata huwezi kuliona. Kikibaki ndani hupata kutu, na kutu hiyo ni sumu kwa jicho. Vijidudu vya udongo navyo huingia pamoja nacho. Hivyo vinaweza kuharibu jicho kwa siku chache tu.

Siti skani ni ndugu yake eksirei. Eksirei ya kawaida huonyesha vitu vyote vimelaliana. Siti skani hupiga kutoka pande zote, kisha kompyuta huonyesha kichwa kama mkate uliokatwa vipande vyembamba. Hivyo daktari hujua chuma kiko ndani ya jicho au nyuma yake, na kama mfupa umevunjika. Wewe hulala chali, kitanda kikaingia katika duara kubwa. Huumii, na jicho haliguswi.

Lakini mashine haioni yote. Kijiti kikavu huweza kuonekana kama hewa. Kwa hiyo mwambie daktari ulikuwa unafanya kazi gani, na kama kilichokupiga ni chuma, mti au jiwe. Usisahau jambo hili. Iko mashine nyingine ya picha yenye sumaku kali. Mwenye chuma jichoni akiingia humo, sumaku huweza kukisogeza chuma na kumpofusha.

Jicho likipigwa, usilisugue wala kulibonyeza. Usitie dawa ya majani. Kitu kilichochoma usikichomoe. Funika kwa kikombe kidogo safi kinachokaa juu ya mfupa, si juu ya jicho, ukifunge kwa kitambaa. Nenda hospitali siku ile ile, hata kama unaona vizuri. Na ukiona mboni si duara tena, imechongoka kama tone la maji, usingoje hata chai.

Yule mkulima bado analima. Akigonga chuma sasa huvaa miwani ya plastiki ya kukinga macho. Nami nimenunua yangu.

Mwezi ujao tutarudi kwenye ghala la mahindi.