Mcheza Kwao Hatunzwi

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii husomeshwa shuleni na hunenwa na wageni rasmi wanapopanda jukwaani. Lakini katika Mtwara, na katika pwani yote inayoteremka mpaka maingilio ya mto Ruvuma, imekuwa neno lisilo na tendo. Kijana wa huko apigaye gitaa, aimbaye singeli, au aongozaye kikundi cha sindimba, akicheza kwao hupewa makofi. Tuzo humngojea Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 500, na wengi hawafiki.

Hali hii si ngeni. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri, alisikitika kwamba vijana waliosoma walizijua dansi za kigeni kuliko ngoma za wazee wao, akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kilipozaliwa, sindimba ya Wamakonde ilikuwa miongoni mwa ngoma zilizochaguliwa. Ilichezwa mbele ya wageni wa Serikali, ikafundishwa shuleni katika mikoa iliyo mbali kabisa na Umakonde. Ngoma ilipanda daraja. Kijiji kilichoizaa kilibaki pale pale.

Wapo watakaosema kwamba kipaji hakifichiki, na kwamba mwenye nacho atatokea tu, popote alipozaliwa. Hao humtaja Harmonize, mzaliwa wa Mkoa wa Mtwara, aliyejulikana nchini mwaka 2015 kwa wimbo wa Aiyola, na ambaye mwaka 2019 alijitenga na kampuni iliyomlea akaanzisha yake mwenyewe yenye jina la Konde. Sifa ya msanii huyo ni haki yake, lakini hoja inayojengwa juu yake ni mbovu. Mtwara ilimzaa, Dar es Salaam ndiyo iliyomtoa. Mfano wake unathibitisha kile kile unachotumiwa kukikanusha, yaani kwamba njia ya pekee ya kusikiwa ni kuhama. Mtu mmoja aliyeuvuka Ruvuma kwa kuogelea si sababu ya kuwanyima wengine mtumbwi.

Watu wa kusini wanajua vyema hasara ya mali kutoka ikiwa ghafi. Korosho zao nyingi hupakiwa melini na maganda yake, zikabanguliwe India na Vietnam, na faida ya ubanguaji ikabaki huko huko. Mwaka 2013 Mtwara iliingia katika machafuko makubwa kwa ajili ya gesi, wakazi wakidai kwamba mali hiyo iwanufaishe wao kabla ya kusafirishwa. Bomba likajengwa hata hivyo, na mwaka 2015 likakamilika kutoka Madimba hadi Dar es Salaam. Katika jambo la gesi palikuwa na maandamano, na damu ikamwagika. Katika jambo la waimbaji, ambao hutoka kwa njia ile ile kuelekea mji ule ule, hapajasikika hata mnong'ono. Walakini gesi isiyochimbwa leo hukaa chini ya ardhi ikimngoja mjukuu. Kipaji kisichotumiwa huzeeka pamoja na mwenyewe, kisha huzikwa naye.

Ajabu ni kwamba fedha za burudani zipo. Mwishoni mwa mwaka, minada ya korosho inapofunguliwa na wakulima wakalipwa, matangazo hubandikwa na viwanja hujaa. Anayeletwa ni mgeni kutoka Dar es Salaam. Kijana wa mji, akipata bahati, huitwa kuchangamsha watu kabla mgeni hajapanda, tena aghalabu kwa ahadi ya kujulikana badala ya malipo. Na mgeni huyo, mara nyingi, hakuja na wapigaji. Mtambo hupiga wimbo uliokwisha kurekodiwa, sauti yake mwenyewe ikiwa ndani yake, naye huruka jukwaani akijazia miisho ya mistari. Watu wamelipa kiingilio kusikiliza kitu walichokuwa nacho katika simu zao.

Na ukumbi huo uko katika nchi ya watu wanaojua maana ya muziki wa papo kwa papo. Mpiga ngoma wa Kimakonde huipasha ngoma yake moto hata ngozi ikakaza. Huitazama miguu ya mchezaji, na mchezaji husikiliza mkono wake. Mmoja akipotea, wote wawili huumbuka mbele ya watu. Hapana mtambo wa kuwasitiri. Huo ndio mtihani ambao wengi wanaoitwa nyota hawajapata kuufanya.

Kosa la msingi liko katika majina. Wenye gitaa na wenye mtambo huitwa wasanii. Wenye ngoma huitwa utamaduni. Msanii hupewa mkataba, na utamaduni hupewa soda na sare ya kumpokea waziri uwanjani. Mgawanyo huu unadai kwamba ngoma ni kitu kilichokwisha kukamilika, kisichozaa jipya. Dai hilo ni la uongo. Ngoma ya vinyago ya Wamakonde, iitwayo midimu upande wa Tanzania na mapiko ng'ambo ya Ruvuma, imethibitisha kinyume chake. Paolo Israel, katika kitabu chake kuhusu mapiko ya Msumbiji kilichotolewa mwaka 2014, ameonyesha jinsi kila kizazi kilivyobuni mitindo yake, na jinsi vikundi vilivyoshindana kwa vinyago, midundo na nyimbo mpya. Kikundi cha vijana kinachobuni mdundo mpya Newala ni kikundi kinachochipukia sawa na bendi yoyote ya gitaa.

Nchi nyingine hazikuliacha jambo hili kwa bahati. Uholanzi, ambayo eneo lake halifikii sehemu moja katika ishirini ya Tanzania, ina msafara uitwao Popronde, ulioanzia mji wa Nijmegen katika miaka ya 1990. Kila mwaka bendi na waimbaji wapya huchaguliwa, wa roki, wa rapu, wa nyimbo za kienyeji na wa mitambo, wakazungushwa katika makumi ya miji, mikubwa kwa midogo, wakipiga katika mikahawa na kumbi za kawaida. Kijana huwaendea watu kabla watu hawajalijua jina lake, na baada ya safari hiyo huwa amejifunza kusimama mbele ya wasikilizaji wasiomdai kitu wala kumwonea haya.

Atakayejibu kwamba Uholanzi ni tajiri ajibiwe kwamba kilicho kikubwa katika msafara ule ni utaratibu. Mtwara, Mikindani, Msimbati, Nanyamba, Tandahimba, Newala na Masasi zina kumbi, viwanja vya shule na msimu wa fedha. Tena Mtwara yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba yawezekana: tamasha la MaKuYa, lililoanzishwa mwaka 2008 na shirika la ADEA, lilikusanya ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao katika uwanja mmoja, na watu wakaja. Kilichobaki ni halmashauri za wilaya na wenye kumbi kukubaliana juu ya mambo matatu: kila apandaye jukwaani apige na kuimba papo hapo, sindimba, taarabu, dansi na singeli zipande jukwaa moja, na kikundi cha nyumbani kilipwe fedha taslimu kabla ya mgeni kulipwa.

Wasomi nao hawana udhuru. Ngoma za kusini zimeandikiwa tasnifu, na waandishi wake wamepata vyeo. Lakini chuo kikifanya sherehe yake hukodi mtambo. Anayeichambua sindimba darasani kisha asiilipe uwanjani ametenda alivyotenda mnunuzi wa korosho ghafi: amechukua kiini, akamwachia mkulima maganda.