Hitigani Iwe Mezani, Si Ukutani

Mhariri amenipa nafasi finyu, kwa hivyo nitaingia ndani ya mada bila kubisha hodi.

Tangu muhula uliopita kumekuwa na ubishi mkali bwenini kuhusu hitigani. Kwa wasioifahamu, hii ni mashine ya mkono yenye umbo la bastola, ndugu ya ile ya saluni ya kukaushia nywele, ila yenyewe hupuliza hewa ya moto ajabu. Mafundi huitumia kusinyaza vimrija vya plastiki vinavyovishwa juu ya maungio ya nyaya. Za bei nafuu zimejaa madukani, na baadhi ya wenzetu wameapa kuzinunua wakimaliza shule ili watafute riziki hapa sokoni Zombe. Mwalimu wetu mmoja ashasema zisikanyage shuleni. Kwa heshima zote, Mwalimu, sikubaliani nawe, ingawa hofu yako naielewa.

Hofu hiyo ina msingi. Mnamo 2015 serikali ilianzisha mradi wa Last Mile, na ada ya kuunganishiwa stima ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa waliokuwa umbali usiozidi mita 600 kutoka kwa transfoma. Nyumba nyingi za mashambani zikapata mwangaza, nasi tukashukuru. Lakini aghalabu stima ilitangulia, maarifa yakabaki nyuma yakitembea kwa miguu. Utakuta ekstensheni nyembamba imebebeshwa ekstensheni nyingine, na plagi ya pini mbili imelazimishwa kwenye soketi ya pini tatu kwa kuchokora tundu la juu na kalamu. Ati inafanya kazi, si ndiyo?

Sasa leta hitigani ya wati 2,000 hapo. Gawanya kwa volti 240, kama tulivyofunzwa katika Fizikia, utapata zaidi ya ampia 8. Waya uliozoea redio na chaja ya simu utapata joto kabla kimrija hakijasinyaa. Tena plastiki ya kawaida ya nyaya za nyumbani imetengenezwa kuhimili nyuzijoto 70 hivi, ilhali hewa ya mashine hii yaweza kupita 500. Ukiielekeza mahali pamoja kwa muda, unaokoa ungio moja na kuharibu waya wa jirani yake. Zile za bei ya chini nyingi hazina kipimo cha joto. Zina swichi ya moja na mbili tu, basi. Na mdomo wake hubaki wa moto hata baada ya kuzimwa. Ilaze juu ya gunia uone!

Hata hivyo, kwangu mimi hatari kubwa si moto wa mashine. Ni ule urembo wake. Tepu nyeusi iliyozungushwa ovyo humwambia kila mtu kwamba hapa pana kazi mbovu. Kimrija kilichosinyaa vizuri hung'aa kama kazi ya kiwandani, kumbe ndani nyaya zimesokotwa tu kwa vidole. Ungio lililolegea huzuia umeme, na palipozuiwa ndipo panapochemka. Moto huanza humo, kwenye dari ya magunia, wakati watu wamelala fofofo.

Kisha kuna kitendawili ambacho wauzaji hawakitaji. Waya haushikwi kabla ya kuzima swichi kuu na kuupima kwa testa, tena testa yenyewe ijaribiwe kwanza mahali penye stima. Lakini ukizima swichi kuu, hitigani itapata wapi umeme? Hapo ndipo fundi mwenye haraka huiacha swichi ikiwaka, akapuliza joto juu ya waya ulio hai. Katika nyumba nyingi za kwetu zenye laini moja tu, mashine hii haina kazi ukutani. Konekta ya skrubu ndani ya kisanduku chake yatosha, wala haihitaji joto lolote. Na anayestahili kuifunga ni fundi mwenye leseni ya EPRA, kama inavyotakiwa na Sheria ya Kawi ya 2019, si mimi wala wewe, hata ukipata A ya Fizikia.

Basi marufuku ya nini? Mezani hitigani ni chombo kizuri sana. Waya wa redio au wa taa ya sola ukishang'olewa na kulehemiwa kwa risasi, vimrija huufaa kuliko tepu, ambayo kwa joto la Kitui gundi yake huyeyuka na kubanduka. Tukikatazwa hapa, tutajifunzia kwenye kuta za mama zetu wakati wa likizo.

Naomba Klabu ya Sayansi inunue moja, ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani yenye plagi ya fyuzi, itumiwe mwalimu akiwapo, na matofali mawili yawekwe ya kuiegemeza mdomo ukitazama juu hadi ipoe. Pawe na ndoo ya mchanga mkavu kando, maana maji hayamwagiwi moto wa stima, na hata hayo maji yenyewe huku kwetu ni ya kutafutwa. Mchanga nitauleta mimi.