KONA YA VITABU: Adui Aliyekuja na Msaada

Mwezi huu tunawaletea Batman: No Man's Land, riwaya ya Greg Rucka ya mwaka 2000 iliyotokana na katuni za 1999. Tetemeko limebomoa mji wa Gotham, serikali imeutenga. Batman peke yake hawezi. Anaungana na Robin, Nightwing, Huntress na polisi wa Gordon.

Vijana watamtaja Joker. Sisi tunamkumbuka Lex Luthor. Huyu kaja kujenga mji, watu wanashangilia, kumbe kamtuma Bane aharibu hati za ardhi ili viwanja viwe vyake.

Wazazi, karatasi hupotea. Jioni hii waambieni watoto: shamba letu lilipakana na mto gani, jirani gani.