Figo Zilizosalia ni Amana, Tusizichome kwa Sigara

Leo napenda tunasihiane juu ya jambo lililo majumbani mwetu.

Mzee mmoja, jirani yetu hapa Kilakala, aliambiwa na daktari kuwa figo zake zimedhoofika na hazitarejea zilivyokuwa. Dawa anameza, chumvi ameipunguza. Lakini kila baada ya Sala ya Alasiri humtuma mjukuu dukani, kisha huvuta sigara yake akiitazama milima ya Uluguru. Tulipomnasihi alijibu: "Maji yamekwisha mwagika, hayazoleki."

Hoja hiyo si sahihi. Maradhi sugu ya figo huenda hatua kwa hatua. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja; vilivyokufa havifufuki, lakini vilivyo hai vingali vikifanya kazi. Sigara hupandisha shinikizo la damu, hubana mishipa, hupunguza damu inayofika kwenye figo na huzidisha protini inayovuja katika mkojo. Isitoshe, wagonjwa wengi wa figo hufa kwa maradhi ya moyo kabla figo hazijakoma kabisa, na sigara huudhuru moyo pia. Basi anayevuta baada ya kujua hali yake anamwaga maji yaliyosalia mtungini.

Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 195, inatukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu. Wanazuoni wa zamani walikhitilafiana juu ya tumbaku kwa kuwa madhara yake hayakuwa bayana. Je, kwa mgonjwa aliyekwisha elezwa na daktari, udhuru huo umebaki wapi?

Tangu Novemba 2017 figo zimepandikizwa Muhimbili, nazo hutolewa na ndugu aliye hai. Ni insafu gani kumwomba ndugu yako kiungo chake, ilhali vyako unavichoma kwa moshi?

Nasi familia tuna wajibu. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia tumbaku mtoto aliye chini ya miaka 18. Basi tusiwatume watoto. Mgonjwa tusimkaripie, kwani uraibu ni mzito. Tumkumbushe kuwa mvutaji anayefunga Ramadhani hukaa bila sigara tangu alfajiri hadi magharibi. Nguvu hiyo anayo. (Saumu yenyewe, mgonjwa wa figo asifunge bila ushauri wa daktari.) Amweleze daktari ukweli, wala asikimbilie ugoro au shisha, kwani navyo ni tumbaku.

Mzee wetu bado hajaacha. Lakini Ijumaa iliyopita mjukuu alikataa kutumwa, kwa kuwa baba yake amemzuia. Mzee alinuna, kisha akaketi nasi barazani bila kuvuta hadi adhana ya Magharibi. Hiyo ni hatua moja. Allah amwezeshe ya pili, na awaafu wagonjwa wetu wote. Amin.